Jiko Zima, Volteji Pungufu: Kukokotoa Ukinzani na Wati Kutokana na Volti na Ampea

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga, natengeneza pasi, mabirika na majiko ya umeme. Mteja wangu wa Sahare ameniletea jiko la koili moja akidai halipashi. Kibao chake kinasema volti 220–240, wati 1850–2200. Kibandani kwangu liliwaka vizuri, na mita ilionyesha kuwa koili ikiwa baridi ina omu 25.8. Nilipolirudisha kwake likalegea tena. Nikapima kwenye soketi ya jikoni: kabla ya kuwasha volti 227, likiwa linawaka volti 207 na ampea 7.8. Kwenye meni swichi, jiko likiwa bado linawaka, nilipata volti 226. Toka meni swichi hadi soketi ni kama mita 20. Je, hapo ukinzani ni omu ngapi, wati ni ngapi, na nibadilishe koili? Halafu kuna jambo linanitatiza: balbu ya uzi ya wati 100 nikiikokotoa napata omu 529, lakini mita inasoma 38. Ipi ni kweli?"

Marahaba, kijana wangu. Koili usiibadilishe. Jiko hilo ni zima, na vipimo ulivyovichukua mwenyewe vinatosha kuthibitisha hivyo. Tena vinafichua kasoro iliyo mahali pengine, yenye hatari kubwa kuliko ya jiko lisilopasha. Wengi wangeishia kwenye soketi. Wewe ulikwenda kupima na kwenye meni swichi wakati jiko linawaka, na kipimo hicho kimoja ndicho kilichobeba jibu lote.

Tuanze na ukinzani. Ukinzani wa kifaa, yaani kiasi kinavyoupinga mkondo wa umeme, hupatikana kwa kugawanya volti zilizopo kwenye ncha zake mbili kwa ampea zinazopita ndani yake: R = V ÷ I. Masharti yake ni kwamba vipimo hivyo viwili vichukuliwe kwenye kifaa kilekile na kwa wakati uleule, kifaa kikiwa kazini. Kwako wewe ni 207 ÷ 7.8, sawa na omu 26.5. Mafundi wengi huona uvivu kupima volti, wakachukua 230 kwa mazoea kwa kuwa ndiyo volteji inayotajwa kuwa ya majumbani nchini, kisha wakaigawanya kwa ampea walizozipima kweli. Kwa jiko lako wangepata 230 ÷ 7.8, yaani omu 29.5, wangesema koili imechakaa na ukinzani wake umepanda, na mteja angenunua koili mpya asiyoihitaji. Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni hii mwaka 1827, naye alisumbuliwa na volteji isiyotulia: betri za zama zake zilikuwa zikishuka nguvu katikati ya jaribio, na vipimo vyake vikaanza kunyooka alipoziacha akatumia volteji inayotokana na tofauti ya joto kati ya metali mbili. Kama yeye alilazimika kuhangaikia volti, sisi wenye mita mkononi hatuna udhuru wa kuzikisia.

Sasa linganisha omu 26.5 na kibao cha jiko. Kibao hakikutaja omu, lakini kimezificha ndani ya namba zake. Kwa kuwa wati ni volti mara ampea, na ampea ni volti gawanya kwa omu, basi wati ni volti mara volti gawanya kwa omu. Na ukiigeuza kanuni hiyo, omu ni volti mara volti gawanya kwa wati. Chukua namba za chini: 220 × 220 ni 48,400, gawanya kwa 1,850 upate 26.2. Chukua za juu: 240 × 240 ni 57,600, gawanya kwa 2,200 upate 26.2 vilevile. Unaona kwamba kibao hakisemi kuwa jiko lina wati zinazobadilika kwa matakwa yake. Kinasema lina koili moja ya omu 26 na ushei, na kwamba wati zitategemea volti zitakazolifikia. Koili yako ilisoma 25.8 ikiwa baridi na 26.5 ikiwa nyekundu, na kibao kinadai 26.2. Namba tatu zilizopishana kwa kiasi hicho kidogo, kwa mita za kawaida tunazotumia, ni namba moja. Na kwa sababu hiyohiyo usije ukamwandikia mteja omu 26.538 eti kikokotoo kimesema hivyo, kwa maana mita iliyosoma ampea 7.8 haikukuahidi nukta zote hizo.

Upande wa wati, 207 × 7.8 ni 1,615. Ndizo wati ambazo jiko lilikuwa likizipata jikoni mwa mteja wako. Volti 230 zingelifikia, kwa ukinzani uleule wa omu 26.5 lingevuta ampea 8.7 na kutoa wati 1,996. Hapa ndipo wengi hushangaa: volti zimepungua kwa asilimia 10, kutoka 230 hadi 207, lakini wati zimepungua kwa asilimia 19. Sababu ni kwamba volti zinaposhuka, ampea nazo hushuka kwa kiasi hichohicho, na wati ni zao la vyote viwili, 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Mteja hakuwa anasingizia. Lita mbili za maji zenye nyuzijoto 28, ambazo wala si baridi kwa hali ya Tanga, zinahitaji kama kilojuli 600 ili zichemke. Kwa wati 1,996 hizo ni dakika tano. Kwa 1,615 ni dakika sita na robo, na hapo hatujahesabu joto linalopotea kwenye sufuria na hewani, ambalo huzidi kadiri upishi unavyochelewa.

Tuje kwenye kiini cha jambo. Kwenye meni swichi palikuwa na volti 226, kwenye soketi palikuwa na 207, na jiko lilikuwa linawaka katika vipimo vyote viwili. Volti 19 zimeishia njiani. Kanuni ileile uliyoitumia kwenye koili itumie sasa kwenye njia hiyo, kwa sababu ampea 7.8 zilizopita kwenye jiko ni zilezile zilizopita kwenye nyaya: 19 ÷ 7.8 ni omu 2.4. Je, ni kiasi cha kawaida kwa nyaya za mita 20? Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, unaotumika kwa soketi, una ukinzani wa omu 7.4 hivi kwa kila mita 1,000. Njia yako ni mita 20 kwenda na mita 20 kurudi, jumla 40, kwa hiyo nyaya nzima zisingezidi omu 0.3, na kwa ampea 7.8 zisingekula zaidi ya volti 2.3. Hata tukisema fundi wa kwanza alibana matumizi akalaza waya wa 1.5, ambao una omu 12 kwa mita 1,000, tungepata omu 0.5 na upotevu usiofika volti nne. Kwa urefu huo wa njia, shaba peke yake haiwezi kufikisha omu 2.4. Ziko omu mbili na zaidi zilizojificha mahali pamoja, au pawili, ndani ya njia hiyo, na uzoefu wangu wote unanielekeza kwenye maungio.

Kokotoa pia wati za njia hiyo, maana ndizo zinazotisha: 19 × 7.8 ni wati 148. Ukijumlisha na 1,615 za jiko unapata 1,763, na 226 × 7.8 nayo ni 1,763, kwa hiyo hesabu imefunga pande zote. Sehemu ndogo ya hizo 148 inatawanyika kwenye mita 40 za shaba bila madhara. Zilizobaki, kama wati 130, zinageuka joto kwenye kiungio ambacho huenda si kikubwa kuliko punje ya korosho, nyuma ya ukuta au juu ya dari, pengine karibu na mbao, na kila siku wakati wa kupika. Balbu ya wati 100 haishikiki ikiwaka, nayo ina kioo chote cha kupozea joto lake.

Mteja atakuuliza: kama hatari ni kubwa hivyo, mbona sakiti breka haikati? Mweleze kwamba breka hukata mkondo unapozidi, na kasoro hii inaupunguza. Kiungio kibovu kimekaa kwenye foleni moja na jiko, kikaongeza ukinzani wa njia nzima, na ampea zikashuka kutoka kama 8.4, ambazo zingepita kwa zile volti 226, hadi 7.8. Kwa macho ya breka, nyumba hiyo ina amani kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana nasisitiza kupima volti kwenye ncha zote mbili za njia huku mzigo, yaani jiko, ukiwa umewashwa. Bila mzigo, ulipata volti 227 kwenye soketi, na kipimo hicho kingekudanganya kabisa: mkondo usipopita, kiungio kibovu hakili volti yoyote, kwa kuwa omu 2.4 mara ampea sifuri ni volti sifuri.

Namna ya kukitafuta ni kugawa njia. Jiko likiwa linawaka, pima volti kwenye kila kituo ambacho waya unakatwa: kwenye breka yenyewe upande wa kutokea, kwenye joint boksi ya kwanza, kwenye soketi inayotangulia kama ipo, hadi jikoni. Palipo na 225 upande huu na 208 upande wa pili, katikati yake ndiyo penye ugonjwa. Kazi hiyo unaifanya kwenye umeme ulio hai, kwa hiyo tumia ncha za mita ambazo plastiki yake haijapasuka, vaa viatu vikavu, mkono mmoja ukae mbali na chuma chochote, na kama hujawahi kufungua joint boksi yenye moto mwite fundi mwenye leseni ufuatane naye. Usisahau upande wa nyutro, yaani waya unaorudisha mkondo. Mafundi wengi hukagua fezi, waya unaouleta mkondo, peke yake, ilhali mkondo unaorudi kwa nyutro ni uleule na unakula volti vilevile.

Sahare iko kando ya bahari, na hewa yenye chumvi haina urafiki na shaba. Ukizima meni swichi na kuhakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, fungua soketi kwanza kabla ya kupanda darini. Mara nyingi utakuta waya umegeuka kijani chini ya bisi, au bisi imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole, au plastiki ya waya karibu na bisi imekuwa kahawia na kukakamaa. Ukikuta kiungio cha kusokotwa na kufungwa tepu tu, kata hadi ufikie shaba inayong'aa, tumia konekta inayolingana na unene wa waya, kaza barabara, na usiirudishe ile tepu kuwa ndiyo kiungio. Soketi iliyoungua matundu ibadilishwe, pamoja na plagi ya jiko ikiwa nayo imeungua, kwa sababu pini iliyopauka kwa joto huiharibu soketi mpya.

Kanuni hii ya volti kupotea njiani ndiyo inayoeleza kwa nini umeme wa mashine za Hale, zinazozungushwa na maji ya Mto Pangani, hausafirishwi kwa volti za jikoni. Kituo kile kina megawati 21. Kwa laini ya nyaya tatu yenye kilovolti 132 hizo ni ampea 92 hivi kwa kila waya. Kwa volti 400 zingekuwa zaidi ya ampea 30,000, na kwa kuwa joto la waya hupanda kwa mraba wa ampea, hakuna waya ambao ungestahimili kutoka Hale hadi mjini.

Kuhusu LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo mteja ataiulizia tu: kilowati 1 kwa saa 1 ni uniti 1. Akipika saa mbili kwa siku, jiko lenyewe linakula uniti 3.2, na kiungio kibovu, kwa kuwa kiko baada ya mita, kinakula uniti 0.3 bila kumchemshia hata kikombe cha chai. Kwa mwezi ni kama uniti 9. Na asidhani kwamba jiko lililolegea linambania umeme. Chakula kinahitaji joto lilelile, kwa hiyo anachopunguza kwenye wati anakilipa kwenye dakika.

Nije kwenye balbu. Namba zote mbili ni za kweli, ila si za hali moja. Uzi wa balbu ni wa tangsteni, na ukinzani wa tangsteni hupanda sana unapopata moto. Mita yako inapopima omu hutumia betri ndogo na mkondo hafifu mno, kwa hiyo uzi unabaki na joto la chumba, na omu 38 ndizo zake hapo. Ukiuwasha kwa volti 230 unafika karibu nyuzijoto 2,500, ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi, na hapo 230 × 230 ÷ 100 inakupa omu 529 za balbu inayowaka. Kwa sababu hiyo balbu za namna hii hupenda kukatika wakati ule ule wa kuwashwa: kwa omu 38 mkondo wa mwanzo ni ampea 6, ambao haukawii kuporomoka hadi chini ya nusu ampea. Koili ya jiko ni tofauti kwa kuwa imetengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao ukinzani wake hupanda kwa asilimia chache tu hata ukiwa mwekundu. Basi kwa pasi, birika na jiko, omu za baridi zinakutosha kujua hali ya koili. Kwa balbu ya uzi hazikupi wati. Na balbu za LED usizihusishe kabisa na hesabu hii, maana ndani mna saketi ya elektroniki na si uzi wa kupimwa omu.

Vilevile usilihamishe somo hili kwenye pampu, feni na friji bila tahadhari. Mota ikipimwa omu huku imezimwa huweza kusoma namba ndogo sana, tuseme 5, na ukigawanya 230 kwa 5 utapata ampea 46 ambazo pampu ya nyumbani haijawahi kuzivuta. Koili za mota huupinga mkondo geu, yaani umeme wa ukutani unaobadili mwelekeo kila mara, kwa sumaku yake pamoja na ukinzani wa waya wake, na volti na ampea zake hazipandi na kushuka kwa pamoja. Pampu yenye volti 230 na ampea 5 haina wati 1,150. Kama kipengele cha nguvu (power factor) kilichoandikwa kwenye kibao chake ni 0.75, wati zake ni 863 hivi, na hizo ndizo LUKU inazozihesabu. Wewe kwa kazi zako za koili za kupasha joto unaweza kulisahau hilo hadi siku utakapoletewa pampu.

Jambo moja kuhusu mita. Hukusema ampea ulizipimaje, lakini kwa kuwa hesabu zako zimefunga naamini ulitumia mita ya kubana. Endelea nayo. Ibane kwenye waya mmoja tu, ama fezi ama nyutro. Ukiibana kwenye kebo nzima yenye waya zote mbili itasoma sifuri, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi huondoleana sumaku. Zile mita ndogo za bei nafuu zenye tundu la ampea 10 nyingi hupima mkondo mnyoofu tu, ule wa betri, na ukizichomeka kwenye umeme wa ukutani utaharibu mita au vidole. Wala usipime omu za kitu chochote ambacho bado kimechomekwa.

Mrudishie mteja jiko lake kama lilivyo na umwombe ruhusa ya kukagua njia ya umeme ya jikoni. Hadi hapo soketi hiyo isitumike kwa jiko wala pasi. Ukishatengeneza, rudia vipimo vilevile vitatu huku jiko likiwa limewaka kwa angalau dakika kumi. Kwenye meni swichi pakiwa na 226 hivi, soketi isome kati ya 223 na 224, ampea ziwe 8.4, na zao lake likaribie wati 1,880, ambazo ziko ndani ya kile ambacho kibao kiliahidi. Soketi ikisoma 215, ujue umepata kiungio kimoja na kipo cha pili.